Kituo cha Sita na Hesabu ya Hatari

Alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2008, jangwa la Nubia kaskazini mwa Sudan lilimulikwa ghafla kana kwamba kumekucha. Katika kituo kidogo cha reli kilichoko baina ya Khartoum na Wadi Halfa, watu waliokwisha kuamka waliona moto ukishuka, kisha mkuga mrefu wa moshi na vumbi uliopindapinda na kubaki ukining'inia angani hata jua lilipochomoza. Kituo hicho hakina jina la mji wala la kijiji. Vituo vya jangwani vilipewa namba tu, nacho huitwa kwa Kiarabu Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita. Hivi leo hakuna bingwa wa mawe ya angani asiyelijua jina hilo.

Kuanguka kwa mawe kutoka angani si jambo geni. Watu wa Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, waliishi na jiwe la namna hiyo muda mrefu kabla habari zake hazijafika kwa wageni mwaka 1930. Nalo ni pande la chuma lililochanganyika na nikeli, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na lingalipo pale pale mlimani Marengi. Hakuna ajuaye lilianguka lini, wala hakuna aliyeliona likija. Kilichokuwa kigeni huko Sudan ni hiki: jiwe lilijulikana kabla halijafika.

Usiku uliotangulia, kwa saa za Marekani, Richard Kowalski alikuwa zamu kwenye darubini ya Mount Lemmon katika jimbo la Arizona. Kazi ya kutafuta asteroidi ni nyepesi kueleza ingawa huchosha kutenda. Sehemu ile ile ya mbingu hupigwa picha mara nne, kwa kupisha dakika kadhaa baina ya picha moja na nyingine. Nyota hubaki mahali pake. Asteroidi, kwa kuwa iko karibu nayo inasafiri, huonekana imesogea. Kowalski aliona kijidoa kilichosogea, akapeleka vipimo vyake katika kituo cha Cambridge, Massachusetts, ambako vipimo vyote vya namna hiyo hukusanywa kutoka pande zote za dunia. Hesabu ilipofanywa, ikadhihirika kwamba kijidoa kile, jiwe lenye upana wa mita 4 hivi, kingeigonga Dunia kabla siku moja haijaisha. Katika saa 20 zilizobaki, vituo zaidi ya 20 vya nchi mbalimbali viliacha kazi zao vikatuma vipimo zaidi ya 500, na kila kipimo kilipunguza mashaka. Mahali palipotabiriwa palikuwa kaskazini mwa Sudan, na wakati uliotabiriwa ulikuwa alfajiri. Ikawa hivyo. Jiwe lilipasuka kilomita 37 juu ya mchanga, na mngurumo wake, ulio mzito mno kwa sikio la binadamu, ulinaswa na vyombo vya kusikilizia milipuko vilivyoko Kenya.

Sehemu ya kisa ifuatayo ndiyo husahauliwa. Peter Jenniskens, mtaalamu wa vimondo kutoka California, alisafiri hadi Khartoum, akashirikiana na Muawia Shaddad, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Mwezi wa Desemba 2008 walikwenda jangwani pamoja na wanafunzi na watumishi wa chuo wapatao 45. Hawakuwa na mitambo. Walijipanga mstari mmoja mrefu, kila mtu mbali kidogo na mwenzake, wakatembea wakiangalia chini, saa baada ya saa, chini ya jua la Nubia. Aliyeokota kipande cha kwanza alikuwa mwanafunzi. Katika misafara iliyofuata vilipatikana vipande 600 hivi, vyenye uzito wa kilo 10 na zaidi kwa jumla. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya sayansi kwa jiwe lililopimwa mwanga wake likiwa bado angani kushikwa mkononi. Vipande hivyo vilikuwa vyeusi, vyenye vinyweleo vingi, vyepesi kumomonyoka, na aina zake zilikuwa mchanganyiko uliowashangaza mabingwa: kana kwamba mabaki ya mawe kadhaa yaliwahi kugongana na kushikamana. Habari hiyo si ya makumbusho tu. Yeyote atakaye kulisukuma jiwe angani lazima ajue kwanza kama ni pande gumu au ni rundo la kokoto.

Kisa hiki chastahili kukumbukwa kila isemwapo, na husemwa mara nyingi, tena na watu wenye elimu, kwamba uchunguzi wa asteroidi na nyotamkia ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi zenye upungufu wa madawati na maabara hazina sababu ya kujishughulisha nao. Hoja hiyo ina uzito wake. Darubini kubwa hugharimu fedha nyingi, na mwalimu wa fizikia asiye na betri za kutosha kwa darasa lake ana haki ya kukunja uso anaposikia habari za vyombo vya angani. Lakini hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Kuna kazi ya kuliona jiwe, na kuna kazi ya kuelewa lile linalosemwa juu yake. Ya kwanza inaweza kuachiwa wenye darubini. Ya pili haiwezi kuachiwa mtu mwingine, kwa maana jiwe halichagui nchi kwa utajiri wake.

Ni vema kwanza kuipa hatari hii kipimo chake cha haki, kwa kuwa magazeti huikuza na wapinzani huidharau. Jiwe la mita 4, kama lile la Sudan, huteketea juu bila kumdhuru mtu. Jiwe la mita 20 ni jambo jingine. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la kadiri hiyo liliingia juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, kwa mwendo wa kilomita 19 kwa sekunde, likapasuka kilomita 30 hivi kutoka ardhini kwa nguvu inayokaribia mara 30 ya bomu la Hiroshima. Hakuna aliyeliona mapema, kwa sababu lilitokea upande wa Jua. Hakuna aliyekufa, lakini watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa kukatwa na vioo. Sababu yake yafaa kuandikwa ubaoni katika kila darasa la fizikia. Mwanga ulifika mara moja. Watu wakakimbilia madirishani kutazama. Wimbi la hewa, lisafirilo kwa mwendo wa sauti, likafika dakika moja na zaidi baadaye na kuvunja vioo usoni mwao. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini humo, alipoona mwanga ule, aliwaamuru wanafunzi wake 44 wajifiche chini ya madawati. Yeye mwenyewe alikatwa na vioo. Wanafunzi wote walisalimika. Mwalimu huyo hakuwa na darubini. Alikuwa na kanuni moja tu kichwani, akaitumia kwa wakati wake.

Juu zaidi ya hapo yako mawe ya mita 50 au 60, ya kadiri inayodhaniwa kuwa ndiyo iliyoangusha miti katika eneo la kilomita za mraba 2,000 huko Tunguska, Siberia, tarehe 30 Juni 1908. Na yako ya mita 140 na kuendelea, yawezayo kuharibu mkoa mzima. Kuhusu jiwe la kilomita 10 lililoanguka Mexico miaka milioni 66 iliyopita na kufunga zama za dinosaria, mengi yamekwisha kuandikwa. Makubwa ya namna hiyo yamekwisha kutafutwa sana, na karibu yote yenye upana wa kilomita moja au zaidi yanajulikana. Upungufu uko katikati. Mwaka 2005 Bunge la Marekani liliagiza kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 90 ya mawe ya mita 140 na zaidi yapitayo karibu na Dunia yawe yamepatikana. Mwaka 2020 ulipita hata nusu haijafikiwa. Orodha ya mawe yote ya karibu, makubwa kwa madogo, imezidi 40,000, nayo huongezeka kila usiku usio na mawingu.

Sasa yaja lile ambalo shule zinahusika nalo moja kwa moja. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini iliyoko Chile iligundua asteroidi iliyopewa jina la 2024 YR4. Ilikuwa imekwisha kuipita Dunia siku mbili kabla, ikielekea mbali. Upana wake ulikadiriwa baadaye kuwa mita 60 hivi. Hesabu za mwanzo zilionyesha kuwa ilikuwa na uwezekano mdogo wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Tarehe 29 Januari 2025, uwezekano ulipokuwa umevuka asilimia 1, taarifa rasmi ilitolewa na mtandao wa kimataifa wa kutoa tahadhari juu ya asteroidi. Tarehe 18 Februari ukafika asilimia 3.1. Tarehe 24 Februari, siku sita tu baadaye, ukawa asilimia 0.004, na jambo likaisha kwa upande wa Dunia.

Ukanda ambamo jiwe lingeweza kuanguka ulianzia mashariki ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Atlantiki, Afrika, Bahari ya Arabu hadi Asia ya Kusini. Afrika ilikuwamo. Kwa majuma kadhaa, basi, namba zile ziliihusu Afrika kama zilivyolihusu bara lolote lile, na ni swali la haki kuuliza ni ofisi ngapi katika ukanda ule zilizokuwa na mtu mmoja awezaye kumweleza waziri wake, mwandishi wa habari au jirani yake maana ya asilimia 3.1, na kwa nini namba ilipanda wiki baada ya wiki kabla ya kuporomoka.

Wengi waliosoma habari zile walifanya makosa mawili kwa mfululizo. Namba ilipopanda walidhani hatari ilikuwa ikikua, kana kwamba jiwe lilikuwa likigeuza njia kuielekea Dunia. Iliposhuka wakasema wataalamu walikosea. Jiwe halikugeuza njia, wala wataalamu hawakukosea.

Mwalimu aweza kulieleza jambo hili kwa dakika kumi bila chombo chochote. Na achukue darasa la wanafunzi 40, naye Juma ni mmoja wao. Mwalimu mkuu amekwisha kuandika katika bahasha jina la mwanafunzi mmoja atakayebaki jioni kufagia ukumbi, lakini hatalisoma bado. Uwezekano wa Juma ni 1 kati ya 40, yaani asilimia 2.5. Kisha yatajwa majina 20 ya wasiohusika, na Juma hayumo: uwezekano wake umekuwa asilimia 5. Yatajwa mengine 10, na Juma hayumo: asilimia 10. Yatajwa 6, wamebaki wanne: asilimia 25. Juma sasa anatokwa jasho. Bahasha yafunguliwa, jina ni la Asha. Uwezekano wa Juma waruka kutoka asilimia 25 hadi sifuri kwa mara moja. Katika muda wote huo jina ndani ya bahasha halikubadilika. Kilichobadilika ni kiasi cha ujinga wa darasa.

Asteroidi nayo ina bahasha yake. Vipimo vya siku za kwanza havionyeshi nukta moja ambamo jiwe litakuwamo siku ile ya mwaka 2032. Huonyesha ukanda mrefu wa mahali panapowezekana. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,700 hivi. Kwa hesabu ya kurahisisha, kama ukanda una urefu wa kilomita 1,270,000 na Dunia imo ndani yake, uwezekano ni asilimia 1. Vipimo vipya vikiufupisha hadi kilomita 410,000, na Dunia ingali imo, uwezekano wafika asilimia 3.1, ingawa hakuna kilichotokea angani. Ukifupishwa tena hata ncha yake ikaiacha Dunia nje, uwezekano waanguka. Mara nyingi ndivyo iwavyo. Lakini, na hapa mwalimu asiharakishe, kama jiwe kweli linakuja, hatua za mwanzo huwa zile zile: asilimia 1, asilimia 3, kisha zaidi. Kupanda kwa namba peke yake hakumwambii mtu yuko katika kisa kipi. Kwa sababu hiyo taarifa hutolewa mapema, nayo haina budi kupokewa bila hofu na bila dharau.

Hapo ndipo penye hatari iliyo karibu zaidi kuliko jiwe lenyewe. Mwaka 2004 asteroidi Apophis ilipata uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga Dunia mwaka 2029, ukafutika baada ya siku chache vilipopatikana vipimo zaidi; na mwaka 2021 vipimo vya rada viliondoa mashaka yote kwa miaka 100 ijayo. Mwaka 2025 ikawa YR4. Darubini mpya zinaongezeka, na ile ya Vera C. Rubin huko Chile, katika picha zake za kwanza zilizotangazwa Juni 2025, ilionyesha asteroidi mpya zaidi ya 2,000 kwa kazi ya saa 10 hivi. Mawe mengi zaidi yakigunduliwa, taarifa za asilimia 1 au 2 zitakuwa nyingi zaidi. Jamii isiyojua hesabu ya uwezekano itasikia tahadhari hizi kama mchungaji wa hadithi aliyepiga kelele za simba pasipo na simba, na itaacha kusikiliza. Kudai kwamba somo la uwezekano ni la wale tu watakaokwenda chuo kikuu kusomea hisabati ni kosa ambalo mitaala haipaswi kulivumilia.

Kuna upungufu mwingine ambao nchi za kusini mwa ikweta zinauhusu. Kwa muda mrefu kazi ya kutafuta ilifanywa zaidi na darubini za kaskazini, zisizoweza kuiona sehemu kubwa ya mbingu ya kusini. Mradi wa Siding Spring huko Australia, uliokuwa jicho la kusini, ulifungwa mwaka 2013 fedha zake zilipokoma. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo, mwezi wa Januari, kituo hicho kilikuwa kimegundua nyotamkia iliyopita karibu mno na Mirihi tarehe 19 Oktoba 2014, kwa umbali wa kilomita 140,000 hivi, ambao ni kama theluthi moja ya umbali kutoka Dunia hadi Mwezi. Tangu kugunduliwa hadi kupita ilikuwa miezi 21 tu. Nyotamkia za namna hiyo hutoka mbali sana, hazikuwahi kuonekana na binadamu wa kale wala wa sasa, na hazingojei orodha ikamilike. Pengo la kusini lilianza kuzibwa mwaka 2022, darubini za mradi wa ATLAS zilipoanza kazi Chile na huko Sutherland, Afrika ya Kusini. Ile ya Chile ndiyo iliyoiona YR4.

Huenda msomaji akauliza kuna faida gani kuliona jiwe lisiloweza kuzuiwa. Swali hilo lilikuwa na nguvu hadi tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito wa kilo 580 hivi, kilipoligonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos kwa mwendo wa kilomita 6 kwa sekunde. Kabla ya pigo, Dimorphos lilikuwa likilizunguka jiwe kubwa zaidi kwa saa 11 na dakika 55. Baada yake, kwa saa 11 na dakika 23. Njia ya jiwe ilibadilishwa na binadamu. Lakini wanafunzi wasidanganywe na picha za sinema. Kusukuma huku ni kudogo, na nguvu yake yote imo katika muda. Mwendo wa jiwe ukibadilishwa kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, kwa hesabu nyepesi litakuwa limesogea kilomita 3,150 baada ya miaka 10, yaani karibu nusu ya nusu-kipenyo cha Dunia. Baada ya siku 10 litakuwa limesogea kilomita 8 na ushei, ambazo hazifai kitu. Miaka hiyo 10 hainunuliwi na roketi. Hupatikana kwa watu wanaopiga picha usiku baada ya usiku na kwa wanaozikagua.

Katika ukaguzi huo shule zina nafasi tayari. Uko mpango wa kimataifa unaowapelekea wanafunzi wa nchi nyingi picha halisi za darubini kwa njia ya intaneti, pamoja na programu ya kuzipimia, nao huzikagua wakitafuta kijidoa kinachosogea, kama alivyofanya Kowalski. Panahitajika kompyuta moja, mwalimu mmoja, na wanafunzi wasiochoka upesi. Vilevile idara za fizikia na jiolojia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zingefaa kupatana mapema nani atakwenda wapi siku jiwe litakapoanguka, maana mvua moja huharibu mengi. Botswana waliweza: jiwe dogo lilionekana angani tarehe 2 Juni 2018, likaanguka baada ya saa 8 hivi, na kipande cha kwanza kikapatikana katika mbuga ya Kalahari tarehe 23 mwezi huo huo. Hadi mwisho wa mwaka 2024 mawe yaliyoonekana kabla ya kuanguka yalikuwa 11 katika dunia nzima. Mawili kati yake yalishukia Afrika.

Iko pia tarehe ambayo haihitaji kubahatisha. Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, Apophis, jiwe lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia, chini kuliko satelaiti za televisheni. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa kimataifa wa jambo hili. Jiwe halitagonga. Litaonekana kwa macho matupu, kama nyota ya kadiri inayotembea polepole kutoka mashariki kwenda magharibi, likipita juu ya Bahari ya Hindi na Afrika kabla ya kufika Atlantiki, na kukaribia kwake kukubwa kutakuwa baada ya saa 6 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2026 atakuwa kidato cha nne. Atakuwa amekwisha kufundishwa trigonometria, na hiyo yatosha.

Yafaa kuwe na kundi moja Nairobi na jingine Dar es Salaam, mbali na taa za mji, na kila moja lipige picha ya jiwe pamoja na nyota zilizo nyuma yake kwa dakika ile ile iliyokubaliwa kwa simu. Umbali baina ya miji hiyo ni kilomita 670 hivi. Jiwe likiwa umbali wa kilomita 50,000, picha mbili zitatofautiana kwa karibu robo tatu ya digrii, ambayo ni zaidi ya upana wa Mwezi, na hata kamera ya kawaida itaionyesha. Kutokana na pembe hiyo na umbali wa miji, mwanafunzi atapata mwenyewe umbali wa asteroidi, bila kumwamini mtu yeyote. Shida moja ni kwamba Aprili ni mwezi wa masika, na pwani huenda ikafunikwa na mawingu usiku kucha. Kwa hiyo shule za Dodoma, Singida na Turkana, ambako mvua ni haba zaidi, zingepangiwa kazi hiyo hiyo kama akiba, saa zao zilinganishwe mapema, na mazoezi yaanze kwa kuupima Mwezi.